Maswali ya Wahasibu: Kutoka Kufunga Hesabu Hadi Kushauri Biashara

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinazunguka jambo moja: mhasibu anayetunza vitabu na kujaza ritani angependa alipwe pia kwa ushauri ambao wateja wanamwomba kila siku. Tumechagua maswali manane na kuyafupisha. Tarakimu za mifano hazina sarafu, weka yako.

Nina wateja 38. Nawatunzia vitabu na kuwajazia ritani za kodi. Karibu kila siku mmoja hunipigia: nifungue tawi? nikope? nipandishe bei? Nawajibu bure. Nifanye nini ili kazi hiyo ilipwe?

Kazi unaifanya tayari, ila haina jina wala mipaka. Kwa wiki nne usibadili chochote. Andika tu kila swali la aina hiyo: nani kauliza, kauliza nini, ulitumia dakika ngapi, na ulihitaji takwimu ipi kumjibu. Mwisho wa mwezi yapange kwa mafungu. Mara nyingi utakuta mafungu matano au pungufu: fedha zimekwama, bei, mkopo, kuajiri, na mwenye biashara kutaka kujua ajichukulie kiasi gani. Fungu lililojaa zaidi ndilo huduma yako ya kwanza.

Usitangaze "ushauri wa biashara" kwa jumla, kwa sababu mteja hajui akinunua hicho atapata nini. Anaelewa ukimwambia: "Kila mwezi nitakuonyesha fedha zako za wiki 13 zijazo, na tutaamua pamoja nani alipwe lini."

Kisha chagua wateja watatu, wasizidi watano. Awe mtu ambaye nyaraka zake zinakufikia kwa wakati, unakutana naye mwenyewe na si karani wake, biashara yake ina tatizo ambalo tarakimu zinaweza kulifumbua, na ada zako analipa bila kusukumwa. Sifa hii ya mwisho watu huiruka. Anayechelewesha ada ya ritani atachelewesha na ya ushauri, tena kwa kisingizio kizuri zaidi, maana ritani ina mhuri na ushauri hauna.

Sasa twende kwenye kizingiti chenyewe, ambacho wengi hawakitarajii: tarehe ya kufunga hesabu. Hesabu za Januari zikikamilika katikati ya Machi, unachompelekea mteja ni historia. Uamuzi wa Februari alishaufanya kwa kubahatisha. Kabla ya kuuza lolote, wazoeze wale watatu ratiba hii kwa miezi miwili au mitatu:

Siku ya 1 hadi ya 3 ya mwezi mpya, linganisha daftari la fedha na taarifa ya benki, akaunti zote, pamoja na za simu. Siku ya 4, kusanya ankara za wauzaji na uhakikishe bidhaa iliyoingia tarehe 31 haiandikwi tarehe 2. Siku ya 5, weka gharama zilizotumika ambazo ankara zake hazijafika: umeme, usafiri, kamisheni. Siku ya 6, toa orodha ya wadaiwa kwa umri wa deni. Siku ya 7, hesabu ya ghala. Siku ya 8, soma faida ghafi ya mwezi (mauzo toa gharama ya bidhaa zilizouzwa, kwa asilimia ya mauzo) na uilinganishe na ya miezi iliyopita; ikiruka kutoka asilimia 31 hadi 22 bila sababu unayoijua, kuna kosa kwenye vitabu, rudi nyuma. Siku ya 10, kikao.

Tusisitize ghala. Biashara nyingi ndogo huhesabu bidhaa mara moja kwa mwaka, na kati ya hapo mhasibu hukisia. Faida ghafi inayotokana na kisio haiwezi kubeba ushauri wowote wa bei. Kama kuhesabu kila kitu kila mwezi hakuwezekani, hesabu zile aina chache zinazobeba sehemu kubwa ya thamani ya ghala, na zilizobaki zizungushe kwa zamu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari bila ghala ni nusu ya daftari.

Kuhusu simu, jibu jipya ni hili: "Hilo linahitaji niangalie takwimu zako. Kesho nitakuandikia nitakachofanya, muda wake na ada." Maswali ya dakika tano juu ya ritani endelea kuyajibu bure.

Niliandaa ripoti ya kurasa 12 yenye chati za rangi. Mteja akawa anaangalia saa. Kikao kinaendeshwaje?

Kwa ukurasa mmoja. Hizo 12 ziache ofisini, ukihitaji utazifungua.

Ukurasa huo uwe na tarakimu tano au sita, kila moja ikiwa na ya mwezi huu, ya mwezi uliopita, na ile mliyokubaliana ifikiwe. Kwa mfanyabiashara wa bidhaa tungeweka: mauzo, faida ghafi kwa asilimia, gharama zisizobadilika, siku ambazo wadaiwa wanachukua kulipa, siku ambazo bidhaa inakaa ghalani, na salio la chini kabisa linalotarajiwa benki katika wiki 13 zijazo. Kwa fundi au mtoa huduma ghala halina maana. Weka saa zilizolipiwa na wateja dhidi ya saa zilizolipwa mishahara. Usiweke tarakimu ambayo mteja hana namna ya kuisogeza.

Dakika 90 zinatosha. Kumi za kwanza ni za mambo mliyokubaliana kikao kilichopita: yamefanyika au hayakufanyika. Ishirini ni za ule ukurasa, na hapo uliza kabla ya kueleza. "Faida ghafi imeshuka kutoka 31 hadi 28. Ni nini kimebadilika dukani?" Yeye anajua kwamba mgavi amepandisha bei au kwamba mtoto wa dukani anatoa punguzo bila kuuliza, wewe unajua tu tarakimu imeshuka. Mhasibu anayejieleza mwenyewe dakika 60 hujikuta ametoa ushauri sahihi kwa tatizo ambalo halipo. Dakika 40 zinazofuata ni za jambo moja tu, lile zito kuliko yote. Zilizobaki ni za kuandika nani atafanya nini, kufikia tarehe gani. Mambo matatu, yasizidi. Yatume kwa maandishi siku hiyohiyo.

Mtumie ukurasa ule siku mbili kabla. Akiuona kwa mara ya kwanza mezani, nusu ya kikao itaishia kubishana kama tarakimu ni za kweli.

Mteja ananiambia: "Wewe unasema nina faida, mbona benki hamna kitu?" Nimemweleza tofauti ya faida na fedha mara tatu. Haelewi.

Usimweleze tofauti. Mwonyeshe fedha zake zilipo, kwa siku.

Tuchukue biashara iliyouza milioni 365 mwaka uliopita; tumeichagua kwa makusudi ili siku moja iwe milioni 1. Bidhaa zilizouzwa zilimgharimu milioni 219, yaani 0.6 kwa siku. Ghalani ana bidhaa ya milioni 36: gawanya kwa 0.6, ni siku 60. Wadaiwa ni milioni 45: siku 45. Wagavi anaodaiwa nao ni milioni 18: siku 30. Bidhaa inakaa siku 60, mnunuzi anakaa na deni siku 45, mgavi anasubiri siku 30. Kwa hiyo 60 jumlisha 45 toa 30: fedha inayotoka leo inarudi baada ya siku 75. Kiasi kilichonasa humo ni 36 na 45 toa 18, milioni 63.

Mwaka huu mauzo yameongezeka kwa asilimia 20 na kila mtu anampongeza. Kama siku hazijabadilika, kilichonasa nacho kimeongezeka kwa asilimia 20, sawa na milioni 12.6. Sasa shuka naye ngazi kwa ngazi. Faida baada ya kodi, milioni 20. Rudisha uchakavu wa milioni 3, maana haukutoka mfukoni: 23. Toa 12.6 zilizomezwa na ukuaji: 10.4. Toa marejesho ya mtaji wa mkopo, milioni 9, ambayo hayaonekani kwenye taarifa ya faida na hasara kwa sababu pale inaonekana riba tu: 1.4. Toa milioni 12 alizojichukulia nyumbani: hasi 10.6. Hapo ndipo fedha za benki zilipokwenda, na ngazi kubwa kuliko zote hakuna aliyemwambia ipo.

Dawa imo humohumo. Kwa mauzo mapya ya milioni 438 kwa mwaka, kila siku ya wadaiwa ina thamani ya milioni 1.2. Akiwapunguza kutoka siku 45 hadi 35 anapata milioni 12, zaidi ya pengo lote, bila kukopa. Kazi ya kikao inakuwa kutafuta siku kumi: ankara itoke siku bidhaa inapotoka na si mwisho wa mwezi, mdaiwa akumbushwe siku tatu kabla ya tarehe, si wiki tatu baada yake, wadaiwa watano wakubwa wapigiwe simu na mwenye biashara mwenyewe, na mteja aliyepitisha siku 60 asipewe mzigo mpya kwa mkopo.

Mitego miwili ya hesabu. Wa kwanza: panapotozwa kodi ya ongezeko la thamani, salio la wadaiwa lina kodi ndani yake lakini mauzo kwenye taarifa hayana. Ukigawanya bila kusawazisha, siku zinavimba. Wa pili: biashara ya msimu. Salio la mwisho wa mwaka likiangukia baada ya msimu mkubwa, wadaiwa wataonekana wabaya kuliko walivyo. Tumia wastani wa miezi 12, au gawanya kwa mauzo ya miezi mitatu ya karibuni.

Baada ya hapo mjengee makadirio ya fedha ya wiki 13. Jedwali la kawaida la kompyuta linatosha: safu 13 za wiki, juu, salio la benki lililokwisha kulinganishwa, chini yake, mapokezi kwa jina la kila mdaiwa mkubwa, kisha malipo. Andika mapokezi kwa wiki ambayo mdaiwa huyo huwa analipa kweli, wala si tarehe iliyo kwenye ankara. Upande wa malipo, wanaosahaulika ni walewale kila mara: kodi ya robo mwaka, bima ya mwaka, marejesho ya mtaji wa mkopo, na fedha anazochukua mwenye mali. Chini kabisa weka mstari wa salio ambalo hataki kushuka chini yake, kwa mfano mishahara ya mwezi mmoja. Kila Jumatatu ingiza kilichotokea kando ya kilichokadiriwa, ongeza wiki moja mbele, na usifute makadirio ya zamani. Ukiyafuta hutajua kamwe kama unakosea kwa mauzo au kwa kuamini ahadi za wadaiwa.

Mteja wangu anataka kupunguza bei kwa asilimia 10 ili apate wateja wengi. Nimwambie nini?

Mwulize faida ghafi yake, kisha mpe tarakimu moja. Kitu kinauzwa 100, kinamgharimu 70, kinabaki 30. Akipunguza bei kwa 10 kinabaki 20. Akiuza vipande 1,000 zamani alipata 30,000. Sasa anahitaji kuuza 1,500 ili apate kilekile. Mauzo yapande kwa asilimia 50, na bado hajafaidika hata senti. Kama faida yake ghafi ni 20 badala ya 30, itabidi auze mara mbili.

Igeuze upande wa pili, kwa sababu huko ndiko wenye biashara wengi hawajawahi kuangalia. Akipandisha bei hiyohiyo kwa asilimia 10, kinabaki 40, na anaweza kupoteza robo ya wanunuzi (abaki na vipande 750) kabla hajaanza kuumia.

Na kiwango cha mauzo kinachorudisha gharama kinasogea pia. Gharama zisizobadilika zikiwa milioni 6 kwa mwezi na faida ghafi asilimia 30, anatakiwa auze milioni 20 asipate wala asipoteze. Baada ya punguzo faida ghafi ni 20 katika 90, kama asilimia 22.2, na kiwango kinapanda hadi milioni 27.

Hakikisha ile 70 ina kila kinachoongezeka kipande kinapoongezeka: usafirishaji, vifungashio, kamisheni, kodi za forodha. Pango na mishahara ya kudumu visiingie humo. Hapo ndipo hesabu hizi huharibika, na mteja akigundua kwamba kamisheni uliisahau hatakuamini tena kwenye bei.

Kuna punguzo jingine linaloonekana dogo: asilimia 2 kwa anayelipa ndani ya siku 10 badala ya 30. Anayetoa punguzo hilo ananunua siku 20. Mbili gawanya kwa 98, zidisha kwa 365 gawanya kwa 20: kama asilimia 37 kwa mwaka. Ovadrafti (ruhusa ya benki kutoa zaidi ya salio, kwa riba) kwa kawaida ni nafuu zaidi. Kwa upande wa anayenunua, punguzo hilohilo akiliacha lipite huku ana fedha benki, anatupa mali.

Programu za hesabu sasa zinasoma ankara na kupanga miamala zenyewe. Si zitatoa na ushauri?

Zitatoa tarakimu na onyo. Hazitajua kwamba mdaiwa mkubwa ni shemeji wa mwenye biashara. Zitumie zikupe ile siku ya 10.

Nitoze vipi? Kwa saa, wateja wanaogopa kunipigia.

Wanaogopa kwa haki. Tena ukitoza kwa saa, ukiwa hodari na mwepesi unajipunja. Toza bei moja iliyojulikana kabla, lakini wewe ndani uhesabu kwa saa, la sivyo utauza hasara kwa tabasamu.

Anza na uchunguzi wa awali unaolipiwa peke yake: taarifa za miezi 12 hadi 24, orodha ya wadaiwa na wanaodai, mikataba ya mikopo, mazungumzo na mwenye biashara, na mwisho kurasa tatu zenye mambo matatu ya kushughulikia. Kadiria saa 10 hadi 14. Una faida mbili: unaona vitabu kabla ya kujifunga kwa mwaka, naye anaonja kazi yako. Kisha ada ya mwezi. Mwezi wa kawaida ni saa 2 za maandalizi, 1.5 za kikao, 1.5 za kumbukumbu na ufuatiliaji, jumla 5. Miezi mitatu ya kwanza itakula saa 7 au 8, iweke kwenye hesabu. Zidisha kwa gharama ya saa yako, si mshahara tu bali pango, programu, bima na saa zisizolipiwa na mtu, ongeza faida, hapo umepata sakafu. Bei yenyewe iangalie thamani ya tatizo. Kwa mteja wa milioni 12 zilizonasa kwa wadaiwa, mazungumzo ya ada ni mepesi kuliko unavyodhani.

Ushauri upate barua yake ya makubaliano, isichanganywe na ile ya vitabu. Ndani yake: unachofanya na usichofanya, vikao vingapi, nyaraka atakazoleta na tarehe, simu ngapi zimo kwenye ada, ada ya kazi ya ziada, na namna ya kuvunja makubaliano, kwa mfano notisi ya siku 30 kwa kila upande. Bila sentensi ya "usichofanya" utajikuta unaandika andiko la mkopo usiku wa manane kwa ada ya kikao.

Ada ya asilimia ya mkopo utakaopatikana ikatae, hata pale kanuni za chama chako zinapoiruhusu. Inakupa sababu ya kupamba makadirio, na benki ikijua hivyo sahihi yako inapoteza uzito kwa wateja wako wote.

Mimi ni mkaguzi wa hesabu. Naruhusiwa kumshauri mteja ninayemkagua?

Kwa mipaka mikali, na wakati mwingine hapana kabisa. Kanuni za maadili za bodi ya kimataifa ya wahasibu, IESBA, zinataja hatari tano kwa uhuru wa mkaguzi: kujikagua mwenyewe, maslahi binafsi, kumtetea mteja, mazoea na vitisho. Ushauri huamsha hasa ile ya kwanza. Ukimjengea mfumo wa kukokotoa thamani ya ghala, mwakani utakagua kazi ya mikono yako. Kazi ya menejimenti (kuidhinisha malipo, kuajiri, kuamua sera) usiichukue kwa mteja unayemkagua, awe mkubwa au mdogo. Kwa taasisi zenye maslahi ya umma, kama kampuni zilizoorodheshwa kwenye soko la hisa, masharti yaliyokazwa kwa ukaguzi wa vipindi vinavyoanza 15 Desemba 2022 au baadaye yanakataza huduma yoyote inayoweza kuleta hatari hiyo ya kujikagua.

Ukali huu una chanzo. Mwaka 2000 Enron, kampuni ya nishati ya Marekani, iliilipa kampuni iliyoikagua, Arthur Andersen, kama dola milioni 25 za ukaguzi na milioni 27 za kazi nyingine. Desemba 2001 Enron ikaomba ulinzi wa kufilisika, na mwaka uliofuata Marekani ikapitisha Sheria ya Sarbanes-Oxley, iliyoorodhesha kazi ambazo mkaguzi wa kampuni ya umma haruhusiwi kumfanyia mteja wake, zikiwamo utunzaji wa vitabu, tathmini za thamani na usanifu wa mifumo ya fedha.

Kwa mkaguzi mwenye ofisi ndogo, njia nyepesi ni kugawa orodha: hawa nawakagua, hawa nawashauri. Mteja akitaka kuhama upande, ahame mwisho wa mwaka wa hesabu, kwa maandishi, na kabla ya kazi mpya kuanza. Soma pia masharti ya chama kilichokupa leseni, kwani yanaweza kuwa makali kuliko ya kimataifa.

Nikikadiria mauzo na yasifikiwe, mteja akapata hasara, atanibana?

Anaweza kujaribu, na kinga yako ni namna ulivyoandika. Hata kiwango cha kimataifa ISAE 3400, kinachohusu uchunguzi wa taarifa za fedha za siku zijazo, hakimtaki mtaalamu atoe maoni kwamba matokeo yaliyokadiriwa yatafikiwa. Wewe usiahidi zaidi ya hapo. Kila kadirio libebe dhana zake kwenye ukurasa wa kwanza, na kando ya kila dhana jina la aliyeitoa: "Mauzo kuongezeka asilimia 12, kwa maelezo ya mwenye biashara, tarehe fulani." Aweke sahihi.

Usitoe mstari mmoja wa makadirio. Toa mitatu: wa kawaida, wa mauzo yakipungua asilimia 15, na wa wadaiwa wakichelewa siku 20 zaidi. Uzito uwe kwenye ule wa tatu, kwa sababu ndio unaoua biashara zenye faida. Kama mkopo hauwezi kulipika kwenye mstari wa pili, mwambie hivyo kwa maandishi, hata kama amekuja akitaka kusikia ndiyo.

Bima ya dhima ya kitaaluma uliyonayo huenda inataja uhasibu na kodi tu. Mpigie wakala wako kabla ya barua ya kwanza ya ushauri kutoka, na upate jibu lake kwa maandishi. Na kuna maswali ya kupeleka kwingine: kumwachisha kazi mfanyakazi ni la wakili, hisa za kununua ni la mshauri wa uwekezaji, ambaye sehemu nyingi lazima awe na leseni. Kaa na majina matatu ya wataalamu hao mezani. Usipokee kamisheni kwa kumpeleka mteja. Ukipokea pale panaporuhusiwa, mwambie mteja kiasi gani.

Mwenzetu mwingine ameuliza kuhusu mteja anayeitikia yote kikaoni halafu hafanyi lolote. Punguza orodha kutoka mambo matatu hadi moja, lifanyike ndani ya siku saba, na umpigie siku ya tano. Mara nyingi utagundua ulimpa kazi ambayo si yeye anayeifanya. Karani wa mauzo ndiye anayetoa ankara, na hakuwepo kikaoni. Mwite naye. Vikao vitatu mfululizo vikipita bila hata jambo moja kutekelezwa, sitisha ushauri kwa barua ya heshima, rudi kwenye vitabu na ritani, na nafasi hiyo mpe mteja wa nne kwenye orodha yako.